Siku Tatu Bila Stima, na Chupa Mbili za Insulini

Mimi ni mtu wa kushuku. Nasema mapema ili anayesoma ajue anasimuliwa na nani. Nikinunua maziwa nasoma tarehe, halafu nafungua kifuniko ninuse, halafu namuuliza mwenye duka kama yalilala nje. Mtu akiniletea chakula namngoja yeye atie mkono kwanza. Mume wangu Salim husema ningezaliwa mwanamume ningekuwa askari wa forodhani.

Naandika kwa sababu sasa natembea, nala, nafanya kazi, na kwa sababu najua wako wanawake wa kwetu huku Saudia wanaojidunga insulini wakiwa wamejifungia chooni ili madam asijue. Habari za kongosho watawaeleza madaktari. Mimi ninachokijua ni kiu, kungoja, na mvua iliyotukatia stima siku tatu mwaka jana, ambayo nusura iniondoe duniani. Mvua peke yake isingeniweza. Niliisaidia.

Ugonjwa ulinianza Riyadh, majira ya vumbi, wakati unapofuta meza asubuhi na adhuhuri unaweza kuandika jina lako juu yake. Nilikuwa nafanya kazi za ndani katika nyumba moja nyuma ya mtaa wa Olaya. Salim alikuwa dereva wa nyumba hiyohiyo. Tulikuwa tumeoana Mombasa mwaka uliotangulia, tulipopewa likizo pamoja. Kiu ikaniingia. Nilikunywa maji ya chupa, nikanywa ya bomba, nikitawadha nikayameza yale ya kusukutua. Nikawa mtu wa chooni kila nusu saa. Madam akaanza kunifuata mpaka mlangoni na kusikiliza, akidhani nina simu ya pili na naongea na mwanamume. Nami nikaacha kunywa chai niliyokuwa nikiiacha mezani, kwa kuwa nilidhani ananitilia kitu. Tukakaa hivyo wiki tatu, yeye ananisikiliza chooni na mimi namwaga chai sinkini.

Mwili ulikuwa unaondoka. Pete ya ndoa ilinitoka ndani ya maji ya vyombo na nikaipata kwenye chujio la sinki. Abaya ikawa inanizunguka kama imetundikwa kwenye msumari. Macho yakaingia ukungu hata nikapiga pasi upande mmoja wa kanzu ya bosi mara mbili na upande wa pili nikausahau. Siku nilipokaa chini jikoni nikashindwa kuinuka, bosi mwenyewe ndiye aliyemwambia Salim, "Yalla, mpeleke."

Chumba cha kungojea cha wanawake kilikuwa na viti vya chuma vilivyounganishwa, mmoja akitikisa mguu mnatikisika wote. Nilipewa karatasi ya namba. Nilikaa pale nikiwatazama wanaoitwa, nikishuku kwamba namba zinarukwa, na kweli zilikuwa zinarukwa, maana waliozidiwa walipitishwa kwanza. Kumbe na mimi ni mmoja wao. Nesi alipita na kile kidude cha kupimia, akanitoboa kidole, na kidude hakikutoa namba. Kiliandika neno tu, la kusema sukari imepita kiasi. Yule nesi, mwanamke mfupi wa Kifilipino, aliishika kanga niliyojifunga kichwani chini ya shungi, akanifutia jasho nayo bila kusema kitu. Huo wema mdogo siusahau, kwa sababu ulikuwa wa kwanza siku ile.

Nilirudi nyumbani na sindano, chupa za insulini na onyo moja: zikae baridi. Dawa yangu ni ile nyeupe kama maji ya mchele, unaibingirisha viganjani kabla ya kuivuta. Wiki ya kwanza nilijidunga huku nalia. Wiki ya pili nilijidunga huku natukana. Kufikia Ramadhani nilikuwa najidunga huku nakoroga uji, ila nilikula mchana nikiwa nimejificha nyuma ya mashine ya kufulia, kama mwizi, ingawa daktari alikuwa amenikataza kabisa kufunga.

Baada ya Idi bosi, ambaye ndiye kafili aliyetudhamini viza sote wawili, alinihamishia Jeddah kwa mamake, bibi mmoja mpole asiye na kazi nyingi. Nilikuwa nikienda asubuhi, nikirudi alasiri. Salim alinipangia chumba na jiko mtaa wa Al-Mahjar, ghorofa ya tatu, na yeye akawa wa kuja na kwenda, akimwendesha bosi baina ya Riyadh na Jeddah. Joto la Jeddah lilinikuta nimeanza kunenepa. Nilimaliza kiangazi kile nikiamini nimepona, kadiri mtu wa kisukari anavyoweza kupona.

Halafu akaja wifi.

Dada Mwanakombo ndiye dada mkubwa wa Salim. Anauza samaki Mombasa, tangu kabla sijaolewa. Ni mwanamke mwenye mikono minene na sauti ya kuita wateja. Alikuja kwa viza ya umra, akamaliza umra yake, na siku zilizobaki akaja kukaa kwetu. Mimi na yeye tulikuwa na neno. Nilipougua Riyadh alimpigia Salim simu akasema, "Mwambie mkeo asikubali sindano. Ukishaanza sindano, kaburi linakupimia." Nilikuwa kando, nikasikia. Sasa mtu huyo ameketi jikoni kwangu na mkebe wa habasoda, asubuhi anafungua friji, anachungulia chupa zangu, anafunga.

Alikuwa ananiuliza maswali. Nimedunga ngapi? Nikikosa siku moja inakuwaje? Nikikosa mbili? Mtu mwingine angesema anajifunza. Mimi nilimwona anapima. Mwaka wa pili wa ndoa ulikuwa unaisha bila mtoto, na nilijua kwao kuna binamu wa Salim ambaye hajaolewa na anasifiwa kwa kupika. Sikuwa na ushahidi wa lolote. Mtu wa kushuku hahitaji ushahidi, anahitaji nafasi tu.

Mvua ilianza alfajiri, Salim akiwa Riyadh. Aliyewahi kukaa Jeddah anajua kwamba mji huu haunyeshewi mara nyingi, na ukinyeshewa haujui maji uyapeleke wapi. Kufikia saa tatu uchochoro wetu ulikuwa mto wa rangi ya chai ya maziwa, una viatu na mapipa ya taka. Kisanduku cha umeme cha jengo letu kiko chini, karibu na mlango. Maji yakakiingia, kikalia pwaa, na jengo zima likanyamaza: viyoyozi, pampu ya maji, friji. Jumba la pili lilikuwa na taa. Letu halikuwa nayo, na mwenye nyumba alikuwa hapatikani.

"Dawa yako," wifi akasema, kabla mimi sijasema. "Hii itaoza. Nipe."

"Uipeleke wapi?"

"Kwenye barafu. Yule Myemeni wa samaki pale barabarani juu, hajaingiliwa na maji. Nishaongea naye."

"Umeongea naye kwa lugha gani?"

"Ya samaki," akasema.

Nilikuwa na chupa mbili. Nikampa moja. Ya pili nilimwambia imekwisha, na alipoteremka nikaivingirisha ndani ya soksi ya Salim nikaitia nyuma ya kabati la nguo. Sikujua naiokoa na nini hasa. Nilijua tu kwamba zote mbili zisiwe mkononi mwake.

Akarudi amelowa mpaka kiunoni, na boksi jeupe la foamu kichwani, la samaki, lenye barafu. Akaliweka pembeni mwa jiko akaizika chupa yangu humo kama anavyozika nguru. Kila asubuhi na kila jioni alifukua, akanipa, nikadunga, akazika tena. Barafu ikipungua alikwenda kuleta nyingine. Mimi nilimtazama mikono.

Siku ya kwanza sukari ilikuwa mia mbili na kitu. Nikasema ni wasiwasi. Siku ya pili asubuhi ikawa mia tatu na ushee, jioni ikapita mia nne. Kiu ikarudi, ile ile ya Riyadh, naijua kama ninavyojua sauti ya mamangu. Tulikuwa na maji ya chupa machache na mimi nilikuwa nayamaliza. Wifi akasema, "Kunywa, mimi nitakwenda kuleta mengine," nami nikajiuliza kwa nini leo ananipenda hivi.

Siku ya tatu asubuhi niliichukua chupa nikaibingirisha viganjani kwenye mwanga wa dirisha. Ndani kulikuwa na vipande. Vyeupe, vidogo, vimeshika kwenye kioo kama maziwa yaliyokatika. Kisha nikahisi vidole vyangu vinakwaruza. Nje ya chupa kulikuwa na unga mkavu. Nikaulamba. Chumvi.

Nataka anayesoma akae hapo kidogo, kama nilivyokaa mimi. Dawa inayonipa uhai ina vitu vinavyoelea ndani yake, ina chumvi nje, na aliyekuwa nayo siku tatu ni mwanamke aliyesema sindano ni kaburi. Kwetu pwani chumvi si ya mchuzi peke yake, watu huizingulia uchawi, na wengine huloga nayo. Niliogopa, na, nitasema ukweli, nilihisi pia raha fulani. Nilikuwa nimejua. Nilikuwa nimejua tangu mwanzo.

Simu yangu ilikuwa na chaji kidogo mno. Nilijifungia chooni nikamrekodia Salim sauti: "Dada yako ananitilia kitu kwenye dawa. Nimekiona kwa macho yangu. Nikifa ujue ni nani." Ikaenda. Simu ikazima.

Halafu nikakaa na chupa zangu mbili. Ile ya barafuni niliiogopa kwa sababu ya mtu. Ile ya kabatini niliiogopa kwa sababu ya joto, maana ilikuwa imekaa siku tatu bila baridi, na mimi nilikuwa nimeambiwa zikae baridi, nikalishika neno hilo kama aya. Kwa hiyo sikudunga yoyote. Niliketi juu ya kitanda na dawa pande zote mbili, nikaanza kutapika.

Wifi akaja na beseni. "Sukari ngapi?"

"Niache."

"Wifi, twende hospitali. Maji yamepungua, yako magotini tu."

"Siendi popote na wewe."

"Basi utakwenda na nani? Salim yuko Riyadh."

"Nitamngoja."

"Kumngoja ndiyo dawa?" Akanikazia macho. "Mbona hujadunga leo?"

"Wewe ndiye wa kuniambia kwa nini."

Akaliacha beseni kando ya kitanda. Alitoka. Nilisikia miguu yake ikiteremka ngazi, nikajua anakwenda kwa Myemeni alikokuwa akichaji simu yake. Nikalala. Pumzi yangu ilikuwa inanuka kama matunda yaliyooza na ilikuwa inakwenda mbio yenyewe, bila mimi. Wale mnaougua ugonjwa huu, mkifika kwenye pumzi hiyo msingoje mtu yeyote. Shikeni mkono ulio karibu, hata kama ni wa adui.

Sehemu inayofuata ninayo vipande vipande. Wifi amerudi, amejifunga leso mbili kiunoni, moja kaikaza sana. Amenikalisha ukingoni mwa kitanda akanigeuzia mgongo. "Tia mikono hapa, shingoni. Usiniachie." Nilikuwa nataka kubisha na mdomo ulikuwa mkavu hata ulimi haukugeuka. Akainuka na mimi. Ngazi za jengo letu hazina dirisha, na bila stima ni shimo. Aliteremka akihesabu kwa sauti, kila ngazi namba yake, akifika kwenye kituo cha ngazi anaegemea ukuta, anapumua, anaanza upya moja. Nje maji yalikuwa juu ya magoti yake. Nakumbuka yalivyokuwa baridi yaliponigusa vidole vya miguu, na nakumbuka kufikiri, anakwenda kunitupa. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, nikiwa mgongoni mwake.

Kule juu barabarani Myemeni alikuwa ameshawasha gari lake la samaki.

Daktari wa dharura alikuwa mwanamke Msudani mwenye miwani. Nilitiwa dripu mikono yote miwili. Nilipoanza kuona watu badala ya vivuli, niliwaona wamesimama karibu na kitanda, yeye na wifi, wakishindwa kuelewana. Wifi Kiarabu chake ni cha sala. Daktari alikuwa anauliza dawa iko wapi. Wifi akaelewa kwa ishara, akaingiza mkono kifuani akatoa kitambaa kilichofungwa, na ndani yake mlikuwa na chupa mbili. Ile ya barafu, na ile ya soksi. Alikuwa anajua ilipo.

Daktari akaziinua kwenye taa moja moja. Mimi Kiarabu nakijua, nimekikokea moto miaka sita jikoni kwa watu.

"Hii iliganda," akasema. "Insulini ikiganda inakufa. Halas, imekwisha. Mliiweka kwenye nini?"

"Barafu ya samaki," nikasema.

"Na chumvi?"

"Kwa nini chumvi?"

"Wauza samaki hutia chumvi kwenye barafu, inakuwa baridi zaidi ya barafu yenyewe." Akaishika ya pili. "Na hii ilikaa wapi?"

"Kabatini. Siku tatu bila friji."

Akaibingirisha, akaitazama. "Hii haina neno. Siku za mvua hizi hakuna joto la kuiua. Inakaa nje ya friji hata wiki kadhaa. Hukuambiwa?"

Labda niliambiwa. Labda nilikuwa natazama kama nesi ananidanganya.

Kwa hiyo, mwenzangu unayesoma, hayo ndiyo niliyoyanunua kwa shingo yangu, chukua bure. Stima ikikatika, chupa unayotumia iweke kivulini ndani ya nyumba, mbali na jua na jiko, uendelee kuitumia. Usiigusishe barafu. Ikiwa na vipande, itupe. Ukikosa uhakika nenda kaulize, lakini usikae bila kudunga. Sisi tulikosea sote wawili kosa moja: tuliamini kwamba dawa ya baridi, kadiri inavyozidi baridi, inazidi uzima. Yeye aliamini kwa kazi yake ya samaki. Mimi niliamini kwa sababu sikuuliza.

"Anasema nini?" wifi akaniuliza. "Zuhura, daktari anasema nini?"

Niliona ninaweza kumwambia lolote. Ningeweza kusema ni ugonjwa tu umepanda. Lakini ile sauti yangu ilikuwa tayari kwenye simu ya ndugu yake, na nikinyamaza atabaki mchawi maisha yake yote. Nikisema, atajua mikono yake ndiyo iliyoniharibia dawa. Nikamwambia, neno kwa neno.

Akakaa chini sakafuni, pale pale kwenye vigae, na leso zake zinachuruzika maji. Akajitazama viganja. "Chumvi nilitia mimi," akasema. "Kila siku nilitia, kulekule kwa Myemeni. Nilitaka iwe baridi vizuri." Halafu akalia kwa sauti ile ile ya kuita wateja, mpaka nesi akaja kumwambia anyamaze. Nilitaka kumwomba radhi na sikujua nianzie wapi, kwa sababu nilidhani hajui bado niliyoyasema juu yake. Nikaona bora nimwache kwanza alie hili moja.

Salim alifika siku ya pili yake, macho mekundu, ametoka uwanja wa ndege moja kwa moja. Alinishika miguu. Dada yake alikuwa ameketi kwenye kiti cha kona, na Salim hakumtazama. Wifi akainuka akasema anakwenda kutafuta chai.

"Si yeye, Salim," nikasema. "Mimi ndiye niliyekosea. Dawa iliganda kwenye barafu. Alitaka kuniokoa." Nikamweleza yote, mpaka habari ya soksi yake. "Tafadhali usimwambie yale niliyokurekodia. Yafute. Asiyasikie kamwe."

Salim akafunika uso kwa mikono.

"Nilimpigia palepale nilipoyasikia," akasema. "Alikuwa kwa muuza samaki. Nilimsikilizisha yale maneno yako. Nikamwambia, 'Wewe ni muuaji, si dada yangu tena, na nikifika Jeddah nisikukute nyumbani kwangu.' Nilimwambia maneno, Zuhura, siwezi kuyarudia."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi. Saa nne."

Kabla ya adhuhuri ndipo aliponigeuzia mgongo akasema nisimwachie.

"Na yeye alisema nini?"

"Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akaniambia, 'Haya, hayo tutayaongea ukija. Mkeo ana kilo ngapi?' Nikamwambia sijui. Akasema basi, atajua mwenyewe akishakuinua."